Kilimo cha simu, mvua iliyokata na magunia yaliyogomewa Tandale: uchambuzi wa kisa

Kabla ya yote: majina, kijiji na mwaka nimeviondoa, na vitu vichache nimevibadilisha ili wahusika wasijulikane. Wenyewe wamekubali kisa kiandikwe. Ambacho sijagusa ni mpangilio wa matukio, maana hapa somo lote liko kwenye kipi kilitangulia na kipi kikafuata.

## Usuli

Ni marafiki watano wa hapa Dar. Wawili wako maofisini Posta, mmoja ana duka Kariakoo, mmoja mwalimu, na mmoja ni dada mhasibu ambaye ndo alikua anashika hela za grupu. Walikodi heka 20 mkoa wa Morogoro, ukanda wa chini, sehemu ambayo masika kwa kawaida inaanza Machi na kuishia Mei. Wakamuweka msimamizi, kijana wa kule kule, wakafungua grupu la WhatsApp na kazi ikawa inaenda kwa picha na voisi. Kilimo cha simu tunakicheka sana mjini, mimi binafsi sina shida nacho, nawajua watu wanaosomesha watoto kwa kilimo hicho hicho. Shida inakuja pale mtu wa mwisho kuamua anapokua yule ambaye haoni shamba.

Msimu ulitanguliwa na utabiri wa mvua za wastani hadi juu ya wastani. Hiyo sentensi ndo kila mtu aliibeba kichwani, na kwa sababu wote walikua wanaikumbuka El Niño ya 2023/24, Rufiji na Kibiti zilivozama, hofu yao nzima ilikua maji. Walichimba mifereji. Ukame hakuna aliyeuwekea hata shilingi kwenye bajeti.

Mimi nilikua nafanya kazi za ugani zamani, sasa niko Dar nashauri watu wachache. Niliingia kwenye hii habari katikati, kwa picha za simu, na baadae wakaniita rasmi mambo yalipokua yameshaharibika.

## Kilichotokea

Mvua ya kwanza ilipiga mwanzoni mwa Machi, nzito, siku kadhaa mfululizo. Msimamizi akapanda heka zote 20 ndani ya wiki. Mbegu chotara ya dukani, ya siku kama 110, nzuri tu. Mahindi yakatoka, picha zikatumwa, watu wakaweka makofi, mwenye duka wa Kariakoo akaanza kupiga hesabu za gunia 15 kwa heka.

Alafu mvua ikakata, karibu wiki tatu. Sasa hapa pa kuangalia vizuri, kwa sababu muda huo huo Dar ilikua inanyesha. Masika ya pwani imekolea, Jangwani maji, foleni haisogei, na mwenyekiti wa grupu anakaa Tabata anaamka mvua iko dirishani. Nimeonyeshwa meseji za wiki ile, nimezifupisha tu:

Msimamizi: Shikamoo bosi. Huku jua tu, leo siku ya kumi na moja. Majani yanajikunja kuanzia saa nne asubuhi.

Mwenyekiti: Marahaba. Mbona huku inapiga usiku kucha? Vuta subira itafika.

Msimamizi: Sawa bosi. Ila kuna wadudu wameanza, kwenye moyo wa mmea kuna kitu kama unga wa mbao.

Mwenyekiti: Piga dawa.

Msimamizi: Dawa gani bosi?

Mwenyekiti: Ile ya mwaka jana.

Huo unga wa mbao ni kinyesi cha viwavijeshi vamizi, hawa waliotokea mabara ya Amerika, wakaonekana Afrika mara ya kwanza 2016 na kwetu wakaingia 2017. Ukishaona kile kinyesi kimejaa kwenye moyo wa mmea jua kiwavi yuko ndani, kashakua, na kinyesi chenyewe kinamfunika kama kizibo. Dawa ikapigwa saa sita mchana, jua kali, juu ya majani. Kiwavi huyu mchana anajificha, anatoka kula jioni na usiku. Wakarudia baada ya siku chache, dawa ile ile, saa zile zile. Msimamizi alipoomba hela ya mara ya tatu dada mhasibu akagoma, akaandika kwenye grupu "tumepiga mara mbili kitu kilekile na wadudu wako palepale, tunalipia nini hasa?" Kugoma kwake ndo kukafanya picha zije kwangu.

Nikamwambia msimamizi amtoe mmoja, ampige picha kichwani na mkiani. Kichwani alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa mraba. Huyo huyo. Nikashauri dawa ya kundi lingine kabisa, ipigwe jioni, mdomo wa bomba uelekezwe kwenye moyo wa mmea, na waanze na sehemu zenye viwavi wadogo, yale mashina ambayo yameshaliwa mpaka kiini yasipotezewe dawa. Kabla hata dawa haijafika dukani kijijini, mvua ikarudi.

Ikarudi kwa hasira. Mwanzoni ilisaidia, viwavi wadogo wengi walisombwa au kuzama kwenye maji yaliyojaa kwenye moyo wa mmea, hili linajulikana na wakulima wanalijua. Ila kwenye kama heka 8 mashina mengi yalikua yameshakufa, kwa jua na kwa wadudu kwa pamoja. Wakarudishia mahindi kwenye mapengo. Kuanzia hapo Aprili yote na Mei hakukua na pumziko. Mbolea ya kukuzia ikamwagwa leo, kesho yake ikaja mvua ya kutiririsha, mahindi yakageuka njano. Palizi ikachelewa kwa sababu vibarua walikua wanazama mpaka kwenye vifundo vya miguu. Yale ya kurudishia yakapata ugonjwa wa milia, mistari myeupe ya vipande vipande kando ya mishipa ya jani, mimea ikadumaa.

Juni ilitakiwa iwe kavu. Haikua. Mahindi ya kwanza yakakomaa, maganda yakageuka kahawia, na ya kurudishia bado mabichi kabisa. Wakasubiri yafanane. Karibu mwezi mzima hindi zilizokauka zikasimama shambani zinanyeshewa manyunyu ya hapa na pale. Julai wakavuna yote, wakaanika kwenye maturubai siku mbili, wakaleta mashine ya kupukuchua, wakajaza magunia, lori likaja Dar na gunia kama 130.

Mzigo ukawekwa chumba kimoja Kivule, nyumba ya mmoja wao, sakafu ya saruji bila chaga, magunia yameegemea ukuta. Kuna gunia kadhaa walizitia kwenye mifuko isiyopitisha hewa kwa sababu walisikia inazuia dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi makavu.

Wiki kadhaa baadae wakapeleka sehemu ya mzigo Tandale. Mnunuzi hakufungua gunia hata moja. Alichukua bambo, akachoma gunia la pembeni kwa chini, punje zikatiririka kiganjani, akazinusa, akaweka moja katikati ya meno. Haikulia kak, ilibonyea. Akachoma gunia lingine, akaingiza vidole kwenye tundu alilotoboa akavitoa fasta. "Mama, mzigo wako una joto." Akamuonyesha dada mhasibu punje: chache zina rangi ya waridi iliyopauka, chache zina unga wa kijani-njano kwenye kiini, na nyingi zimevunjika. Gunia lililofuata likatoa vumbi jeupe na vijidudu vyeusi-kahawia vifupi. Dumuzi. Akafuta mikono akasema hachukui hata kwa bei ya chakula cha kuku.

## Maamuzi, na kwa nini waliyafanya

Ni rahisi kuwacheka watu baada ya matokeo, kwa hiyo nimejitahidi kuyaangalia maamuzi kwa taarifa walizokua nazo siku ile.

Kupanda heka zote kwa mvua moja. Msimamizi mwenyewe alitaka apande nusu asubiri mvua ya pili. Wakamwambia trekta limekodiwa kwa siku, lirudi mara mbili ni hela mara mbili. Kihesabu walikua sawa. Jirani yao, mzee mmoja aliyelima pale miaka na miaka, alipanda kipande tu kwa mvua ile, akasema mvua inayokuja na kishindo mwanzoni mwa Machi yeye haiamini mpaka aone ya pili.

Kurudishia mahindi yale yale. Hili ndo uamuzi ambao mimi nauona mzito kuliko yote, na ajabu yake ni kwamba kwenye grupu ulijadiliwa dakika chache tu. Msimamizi alipendekeza zile heka 8 zichimbuliwe zote ziwekwe kunde au mtama. Mwenyekiti akakataa, kuna mwenye mashine ya kusaga hapa mjini walikua wamemuahidi lori zima la mahindi. Wakaziba mapengo. Shamba moja likawa na mahindi ya marika mawili, yaliyopishana wiki nne.

Kusubiri kuvuna pamoja. Lori na mashine ya kupukuchua vyote vinakodiwa kwa safari. Ukivuna mara mbili unalipa mara mbili. Alafu kuna imani kwamba hindi likiwa ndani ya ganda lake shambani liko salama, na kwenye msimu wa kawaida, Juni kavu, ni kweli kabisa, watu wengi wanakausha kwenye bua na hawapati shida.

Kuanika siku mbili. Jua lilitoka siku mbili, wingu likarudi, wakaogopa. Hakuna aliyepima unyevu. Msimamizi alilalamika punje zinavunjika kwenye mashine, ambayo ilikua ishara tosha kwamba hazijakauka, akajibiwa mashine ni ya zamani.

Na kuna uamuzi mmoja hakuna aliyemtuma mtu kuufanya. Wakati wa kujaza magunia, msimamizi aliyafunga magunia ya mahindi ya kwanza yaliyokua na harufu, maana yalisimama muda mrefu, kwa kamba nyekundu, na mengine yote pamoja na ya kurudishia kwa kamba nyeupe ya kawaida. Nilipomuuliza kwa nini akasema "yale sikuyapenda harufu yake mzee, nikasema yasichanganyike." Hakuandika kwenye grupu. Alishachoka kupingwa.

## Matokeo

Gunia za kamba nyekundu zilikua kama 50. Tulichukua sampuli kwenye makundi yote mawili, kidogo kidogo kutoka gunia nyingi, juu, katikati na chini, tukapeleka maabara. Ya kamba nyekundu yalivuka kiwango. Kiwango cha sumukuvu ya aflatoksini, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aina zote, na 5 kwa ile ya B1 peke yake ambayo ndo kali zaidi. Ya kamba nyeupe yalipita, ila yalikua na unyevu juu ya asilimia 13.5 inayotakiwa, kwa hiyo yakaanikwa upya kwenye turubai, yakapepetwa, yakachambuliwa kwa mkono na kuuzwa kwa bei ya chini. Hela haikurudisha mtaji.

Kwa zile 50 grupu liligombana haswa. Mmoja alisema zikobolewe, sembe iuzwe, pumba zipelekwe kwa wafugaji wa kuku wa Kivule na Chanika. Ngoja niseme kwa nini hili ni wazo baya kuliko linavosikika. Kukoboa kweli kunapunguza sumukuvu kwenye sembe, maana sehemu kubwa iko kwenye ganda la nje na kiini, lakini sumu haipotei, inahamia kwenye pumba, tena inakua imekusanyika. Kuku wakila wanadumaa, ini linaharibika, vifaranga na bata ndo kabisa, na mfugaji atasema ni ugonjwa wa kideri. Kupika hakusaidii, moto wa ugali hauiui. Na hili halijatokea kwenye vitabu tu, 2016 watu kama 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, Kenya 2004 walikufa 125. Mwingine akashauri wachanganye na mazuri ili kiwango kishuke. Dada mhasibu akasema akiona mtu anachanganya ataondoka na daftari la grupu. Mwisho wakamuita afisa afya, mzigo ukateketezwa.

## Uchambuzi

Swali ambalo watu wananiuliza ni lile: kwa hiyo ni ukame au ni mvua ndo vilileta wadudu na magonjwa? Ukiangalia mpangilio utaona kila kimoja kilimfungulia mwenzake mlango, na katikati yake kuna binadamu alikua anafuata ratiba ya msimu ambao haukutokea.

Tuanze na viwavi. Joto ndo saa ya mdudu. Kwenye joto la kama nyuzi 28 kiwavijeshi vamizi anamaliza mzunguko kutoka yai mpaka nondo kwa mwezi mmoja hivi, kwenye baridi inaweza kufika miezi miwili au zaidi. Nondo mmoja anataga mayai zaidi ya elfu maishani, kwa mafungu ya mia na kitu. Sasa weka wiki tatu za jua bila mvua ya kuwaosha wadogo, weka mmea ambao umejikunja hauongezi majani ya kufidia yanayoliwa, unapata ile hali ya kwamba mdudu anakimbia na mmea umesimama. Mvua ingekuja wiki mbili mapema, wadudu wale wale, idadi ile ile ya mayai, hasara ingekua ndogo sana. Ndo maana siwezi kukubaliana na mtu anayesema msimu ule ulikua na "mlipuko wa viwavi". Mimi naona mlipuko wa mmea kushindwa.

Hili la joto sio letu peke yetu. Utafiti mmoja uliotoka kwenye jarida la Science 2018 ulikadiria kwamba kwa kila nyuzi moja dunia inavoongeza joto, hasara ya wadudu kwenye mchele, mahindi na ngano itapanda kwa asilimia 10 hadi 25. Ukiwa na joto wadudu wanakula zaidi na wanazaana haraka, mambo mawili kwa mpigo. Na dhoruba ya mbali nayo ina lake. Wale nzige wa jangwani waliotufikia kaskazini, Simanjiro na Longido, mwanzoni mwa 2021, kundi lao lilianzia kwenye vimbunga viwili vya 2018 vilivyonyeshea jangwa la Uarabuni, jangwa likaota majani, nzige wakazaana kizazi baada ya kizazi bila mtu kuwaona. Mkulima wa Longido hakuiona hiyo mvua hata tone.

Turudi Morogoro. Kurudishia kulifanya nini? Kulitengeneza daraja. Nondo waliotoka kwenye mahindi makubwa wakakuta mahindi machanga yako hapo hapo mstari wa pili, hawana haja ya kuruka mbali. Milia vile vile, kirusi chake kinabebwa na vijidudu vidogo vya kunyonya vinavyorukaruka kwenye majani, na vinapenda mmea mchanga. Kawaida ya milia ni kwamba aliyechelewa kupanda ndo anaumia, na wao walikua wamejichelewesha kwenye heka 8 katikati ya shamba lao wenyewe. Kama wangekubali wazo la kunde wangevunja hilo daraja, kunde haipati milia wala hailazimishi kuvuna pamoja na mahindi. Lori lisingejaa, sawa. Na kwa taarifa halikujaa vizuri hata hivo, kwenye zile heka mavuno yalikua aibu.

Mtama sio jibu la kila kitu pia, naongea hivi kwa sababu siku hizi ukisema ukame mtu anakwambia lima mtama. Yule mzee jirani alikua na kipande cha mtama, ukavumilia ile kiu bila shida, alafu manyunyu ya Juni yakaikuta imetoa masuke, ukungu ukaingia kwenye punje, na kwelea kwelea wakamalizia. Masuke ya mtama yako wazi, hayana ganda kama hindi. Alichookoa mzee ni zile mbaazi na mahindi aliyopanda kwa mvua ya pili.

Sasa kuvu, na hapa ndo pana utamu wa kitaalamu. Kuvu wawili tofauti walikuwemo kwenye mzigo mmoja. Yule wa kijani-njano, anayetengeneza aflatoksini, ni kuvu wa joto na ukavu, anaupenda mmea uliopata kiu na hindi lililotobolewa na wadudu. Yule wa waridi ni wa familia nyingine, anapenda unyevu wakati hindi linatoa nywele na kuendelea, naye ana sumu yake. Msimu unaoanza na kiu na kuisha na manyunyu unawapa nafasi wote. Na mlango wao ni mmoja: ncha ya hindi. Viwavi walipopanda juu kwenye mahindi walitafuna ncha, ganda likabaki limefunguka, maji ya Juni yakaingilia pale yakakaa. Nilifungua hindi kadhaa zilizokua zimebaki stoo ya kijijini bila kupukuchuliwa, karibu zote zenye kuvu zilikua na tundu au ncha iliyotafunwa, na zile ambazo ganda lilifunga mpaka mwisho zilikua safi, hata zile zilizonyeshewa mwezi mzima. Nyeupe, ngumu, zinalia. Kwa hiyo ile dawa ya saa sita mchana ya mwezi wa tatu ilikuja kulipwa Tandale mwezi wa nane.

Dumuzi naye asichukuliwe kama bahati mbaya ya stoo. Huyu aliingia nchini miaka ya mwisho ya sabini kupitia upande wa Tabora, asili yake Amerika ya Kati, na anaruka. Anayafuata mahindi shambani yakiwa yamekauka kwenye bua. Kila wiki uliyoacha hindi kavu limesimama ni wiki unampa nafasi ya kuhamia, na walimbeba wenyewe kwenye lori mpaka Kivule. Hapa Dar na unyevu wetu na joto letu, anamaliza kizazi kwa wiki nne hivi.

Mifuko isiyopitisha hewa nayo imetupiwa lawama kwenye grupu, bila haki. Mifuko ilifanya kazi yake, dumuzi walikufa kwa kukosa hewa. Ila mfuko hauna uwezo wa kukausha. Ukiweka nafaka yenye unyevu unaufungia unyevu ndani, na gunia zilizokua na harufu mbaya kuliko zote zilikua hizo. Na kabla ya kufunga kipimo cha bure kipo: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, mahindi mpaka robo ya chupa, funga, tikisa dakika mbili tatu, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Isipoganda, uko karibu na salama. Haikupi namba kama kipimo cha kielektroniki, lakini ingewaambia ukweli pale pale kwenye turubai.

Kilichofanya kazi ni kichache ila kina uzito. Dada mhasibu kugomea dawa ya tatu, hata kama alikua anaangalia hela tu na sio wadudu, kulizuia upuuzi wa kupiga kundi moja la dawa tena na tena, ambayo ndo njia ya haraka ya kuwazoesha viwavi. Kupima kabla ya kuuza mtaani, pia. Na kamba nyekundu. Bila ile kamba mzigo wote wa gunia 130 ungekua kundi moja, kipimo kingegoma au kingepita kwa bahati, na vyote viwili vingekua hasara kwa mtu. Kijana alifanya kazi ya usimamizi bora kuliko grupu zima, kwa kamba ya shilingi mia.

Kuhusu taarifa za hali ya hewa, hapa nitawatetea TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kidogo. Watu wanasema utabiri ulidanganya. Utabiri wa msimu unaongelea jumla ya mvua ya miezi yote, na jumla ya msimu ule ilikua kubwa kweli. Mmea hauli jumla. TMA wanatoa pia taarifa za kila siku kumi kwa ajili ya kilimo, zinasema mvua imekaaje na inatarajiwaje kwa kanda, na hakuna mtu kwenye grupu aliyewahi kufungua hata moja. Walikua wanaangalia dirisha la Tabata.

## Walichobadilisha

Msimu uliofuata walipunguza mpaka heka 12. Msimamizi ana ruhusa ya kuamua mwenyewe siku ya kupanda, siku ya kuvuna na kama pana haja ya dawa, anatoa taarifa baada ya kufanya, na ana kiasi cha hela mkononi kwa ajili hiyo. Anakagua shamba mara mbili kwa wiki mimea ikiwa michanga, anatembea kwa mstari wa zigizaga, anahesabu mashina yenye dalili kwenye kila mashina 20 pale anaposimama, anatuma namba badala ya picha ya shamba likiwa limependeza. Walinunua kipimo cha unyevu kwa kuchangishana, na wamejengewa kichanja cha kukaushia chenye paa la bati, upana mdogo ili upepo upite.

Kisichoisha mpaka sasa ni habari ya lori. Mhasibu ametenga hela ya kuvuna kwa awamu mbili kila msimu, ihitajike au isihitajike. Mwenyekiti anasema ni kufuga hela bure, kwenye mwaka mzuri ile hela ingenunua mbolea ya heka nzima. Niliwapigia hesabu kwa gharama zao za mwaka ule: safari ya pili ya lori na mashine ingekula thamani ya gunia kama 9. Walizochoma ni 50. Mwenyekiti akajibu kwamba mwaka ule haurudi kila mwaka, na hapo bado wanabishana.